Jinsi ya kusafisha na kupamba makaburi ya askari wetu kabla ya Siku ya Mashujaa: mwongozo kwa vikundi vya Mtwara na Lindi

Kila Julai 25 inapokaribia, maswali huwa yale yale. Tuanzie wapi? Bendera tununue ngapi? Waislamu wanakubali maua? Chokaa inachanganywaje? Mbona mwaka jana familia moja ilituzuia getini? Nimeyaandika majibu yote hapa ili kikundi kinachoanza, kiwe Masasi, Newala, Nachingwea au Kilwa, kisipoteze siku nzima.

Jambo moja kabla ya yote. Makaburi ya mashujaa ya Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walikolala askari wetu waliokufa Msumbiji, yana wenyewe: yako chini ya jeshi. Ukitaka kwenda kuzuru au kusaidia kule, unapitia ofisi ya mkuu wa wilaya na wanajeshi wenyewe, na unafanya watakachokuambia. Mwongozo huu ni wa makaburi mengine, yale ya vijijini. Kuna mzee aliyepigana vita ya Kagera 1978 na 1979, akarudi, akalima korosho, akafa. Kuna aliyevuka Ruvuma miaka ya ukombozi. Kuna mzee wa keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) aliyepelekwa Burma vita ya pili ya dunia. Wengi wao wamelala chini ya matuta yaliyobonyea, nyasi zimefika kiunoni, na wajukuu hawana hakika lipi ni lipi. Kwa hao, mikono ya kujitolea inahitajika sana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari kubwa na kalamu mbili. Hiki ndicho kifaa cha kwanza, kinatangulia jembe.
- Mafyekeo, mapanga, majembe mawili au matatu, reki, na toroli kama lipo.
- Ndoo, madumu ya maji, na pipa kama mko Makonde juu (Newala, Tandahimba), ambako maji ya Julai ni ya kuhesabu.
- Makumbi ya nazi ya kusugulia. Brashi ya waya acheni nyumbani, inachuna saruji na kufuta maandishi.
- Chokaa ya dukani iliyokwisha kuzimwa, chumvi, kitambaa cha kuchujia, brashi pana za chokaa.
- Saruji, mchanga wa mtoni, kokoto ndogo na msumari mrefu, kama mtatengeneza vibao vya majina.
- Kamba ya katani au ukindu wa kufungia mashada.
- Viatu vya kufunika mguu kwa kila mtu, glavu kwa wapaka chokaa, maji ya kunywa, na sanduku la huduma ya kwanza.

Na kuna visivyotakiwa. Nguo za mabaka, hata za mtumba, hazivaliwi: raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala inayofanana nayo, na kwenda nazo kwenye kaburi la askari ni kujitafutia matatizo mahali pa heshima. Fulana za chama chochote cha siasa nazo zibaki nyumbani. Marehemu alikuwa askari wa nchi nzima.

Hatua kwa hatua

1. Andikeni majina. Anzeni mwezi mmoja kabla, mwishoni mwa Juni. Nendeni kwa wanajeshi wastaafu walio hai; wao wanajua nani alikuwa nani, kikosi gani, alirudi lini. Kwa kila marehemu andikeni jina kamili, jina alilojulikana nalo kijijini, cheo kama kinajulikana, vita au kazi aliyoshiriki, mwaka wa kufariki, mahali alipozikwa, na jina la ndugu aliyewapa habari. Kila jina lithibitishwe na watu wawili wasiotoka nyumba moja. Cheo kisichothibitishwa kisiandikwe.

Kubalianeni mapema mnamheshimu nani. Wapo wanaosema shujaa ni aliyefia vitani tu. Mimi naona kijiji kina haki ya kumheshimu kila aliyetumikia, mradi daftari liseme wazi nani alifia vitani na nani alifia nyumbani. Wapo pia ambao hamtawapata makaburini kwenu kabisa. Wengi waliokufa vita ya Kagera wamelala Kaboya, wilaya ya Muleba, mwendo wa kuvuka nchi nzima. Mama zao na dada zao wa Lindi hawajawahi kuliona kaburi. Majina hayo yaandikwe kwenye ukurasa wake. Yatasomwa siku yenyewe.

2. Ombeni ruhusa, na mwombeni aliye nayo. Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Vijana humwendea mtoto wa marehemu, mtoto anakubali kwa furaha, siku ya kazi anatokea mzee na fimbo yake anauliza ni nani aliyewatuma. Sisi Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua tumezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kaburi la mzee mara nyingi lina msemaji ambaye si mtoto wake. Ni mjomba, au mpwa aliyerithi nafasi ya mjomba. Muulizeni mtoto swali hili: "Mambo ya kaburi la mzee anayasemea nani kwenye ukoo?" Kisha nendeni kwa huyo, mkiwa wawili au watatu, mkae mkaribishwe, mzungumze kwanza habari za nyumbani na za korosho. Mkifika na karatasi ya kusaini mmekwisha kuharibu.

Baada ya ukoo, nendeni kwa imamu, padri au katekista mwenye dhamana ya eneo la makaburi, halafu mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa. Mtendaji apewe barua yenye tarehe, idadi ya watu na kazi itakayofanyika. Michango ya fedha, hata midogo, isikusanywe kabla yeye hajajua.

3. Ulizeni kaburi hili linataka nini. Msiwe na pambo moja la kubandika kila mahali. Vijana wengi wameziona picha za Marekani, makaburi ya Arlington, kila jiwe na bendera yake ndogo kabla ya Memorial Day mwishoni mwa Mei, au shada la kijani mwezi Desemba, desturi iliyoanza hapo Arlington 1992. Ni jambo jema kwao. Lakini hata kule, jiwe lenye nyota ya Daudi, yaani la Myahudi, huachwa bila shada mpaka familia yenyewe iombe, kwa kuwa dini yao haina desturi hiyo. Basi na sisi tuwe na adabu hiyo hiyo.

Kwenye kaburi la Mwislamu, familia nyingi zitataka usafi, tuta lirudishwe vizuri, mashahidi (alama za kaburi) ya kichwani na miguuni yasimamishwe, kisomo na dua. Wengine hukubali mrehani upandwe au matawi mabichi yawekwe. Wengine hawataki hata chokaa. Fuateni wanachosema wao, msibishane nao kwa fatwa mlizosikia redioni. Mahali pengi wanawake hawaingii makaburini. Ulizeni mapema, msije mkawarudisha kina mama walioamka alfajiri kuja kusaidia.

Kwenye kaburi la Mkristo, msalaba hurekebishwa, saruji hupakwa chokaa, maua na mashada huwekwa. Ziko pia koo zinazotaka mzee amwage unga kwanza na kusema na waliolala, kabla jembe halijagusa udongo. Mpisheni, simameni kimya, msimpige picha.

Kuhusu bendera ya Taifa: ina sheria yake. Msikate vitambaa vya kijani, njano, nyeusi na bluu mkashona za kwenu, wala msichomeke bendera kaburini kwa uamuzi wa kikundi. Mkiihitaji, ombeni kupitia mtendaji ili ipeperushwe mahali pamoja kwa utaratibu.

4. Pangeni siku mbili. Usafi ufanyike Jumamosi iliyotangulia, mapambo tarehe 25 yenyewe asubuhi. Mkichanganya vyote siku moja, chokaa itakuwa mbichi na maua yatapakwa nayo. Kumbukeni pia kwamba Julai ni wakati wa kupuliza salfa. Mwenye mikorosho yuko shambani tangu alfajiri, umande ukingali majani na upepo umetulia. Waiteni watu saa tatu asubuhi, mtawapata. Mkiwaita saa kumi na mbili mtabaki na wanafunzi tu.

5. Fyekeni, msichome. Anzeni pembeni kuelekea katikati, mtu mmoja atangulie na fimbo ndefu akigongagonga nyasi ili nyoka wapate kuondoka. Karibu na kaburi fyekeo liwekwe chini, mng'oe kwa mkono, kwa sababu mashahidi ya mbao na misalaba midogo hujificha humo na fyekeo halichagui. Miti iliyoota juu ya kaburi ikatwe usawa wa ardhi. Kung'oa mizizi kunafumua kaburi.

Moto hapana kabisa. Nyasi za Julai zimekauka, upepo wa kusi unavuma, na shamba la mikorosho yenye maua liko hatua chache. Moto wenu ukiingia humo, mmeteketeza ada ya shule ya mtoto wa mtu. Nyasi zirundikwe nje ya eneo.

6. Rudisheni tuta. Kaburi hubonyea mbao za mwandani zikioza. Leteni udongo kutoka nje ya makaburi, msichote katikati ya makaburi mawili, maana huenda pale pana kaburi lisilo na alama. Jazeni, shindilieni kwa mkono, lipeni tuta umbo lake. Msikanyage wala kukalia kaburi mnapofanya kazi, simameni pembeni. Kama kuna shimo lililofunguka hadi ndani, acheni kazi hiyo, mwiteni msemaji wa ukoo na kiongozi wa dini.

7. Chokaa. Ni kwa makaburi ya saruji tu. Jiwe, marumaru na vigae havipakwi. Na yale makaburi ya kale ya mawe ya matumbawe, kama ya Mikindani na Kilwa, ni mambo ya kale yanayolindwa na sheria. Hata kuyasugua msiyasugue.

Jioni ya kuamkia usafi, changanyeni chokaa ndoo moja na maji ndoo moja, mkiitia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo. Tieni chumvi konzi mbili, koroga, funikeni ilale. Asubuhi chujeni kwa kitambaa. Sugueni kaburi kwa kumbi la nazi na maji, ondoeni ukungu wote, kisha loweka saruji mpaka inywe maji. Pakeni tabaka jepesi, subirini likauke, pakeni la pili. Chokaa mbichi huonekana kama uji mwepesi, na anayeanza hudhani haijashika akaongeza nyingine nzito. Msiongeze. Weupe wake huja ikikauka.

Mkiuziwa mabonge ambayo hayajazimwa, rudisheni. Yakikutana na maji huchemka na kuruka. Chokaa ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi dakika zisizopungua 15, halafu zahanati bila kungoja.

8. Kibao cha jina. Hatua hii si lazima, lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu maua hudumu siku mbili na jina hudumu miaka. Mbao huliwa na mchwa, rangi kwenye bati huchujuka. Tengenezeni kibao cha saruji wiki mbili kabla. Fremu ya mbao iwe sentimita 45 kwa 30, unene 5. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu. Mchanga uwe wa mtoni. Wa baharini una chumvi, kibao kitamenyeka. Sawazisheni uso, ngojeni saa moja au mbili ugande kiasi cha kushika alama, kisha andikeni kwa msumari herufi kubwa zenye kina. Mwenye mwandiko mzuri na aandike, na mtu wa pili amsomee herufi moja moja kutoka daftarini. Jina la marehemu likikosewa kwenye saruji, familia itaishi nalo. Funikeni kwa gunia lenye maji kwa siku saba. Kibao kitapata uzito wa kilo kumi na tano hivi, mtu mmoja anakibeba.

Andikeni jina, mwaka wa kufariki na utumishi wake kwa maneno machache, kwa mfano "Askari, vita ya Kagera 1978–1979". Sifa ndefu ziachwe kwa wasomaji wa risala.

9. Mashada na maua. Duka la maua la nini wakati yako uani? Asumini huchumwa jioni zikiwa bado tumba, zikatungwa kwa uzi na kuachwa kwenye sahani yenye maji. Asubuhi zimefunguka na zinanukia. Mrehani, langilangi na kilua kama mnavyo. Kwa shada, pindeni ufito mbichi uwe duara la sentimita 40, fungeni kwa katani, kisha mzungushie majani magumu ya mwembe yakilaliana upande mmoja kama magamba ya samaki, na maua yachomekwe mwisho. Kuti likihitajika, kateni la kijani la pembeni kwa ruhusa ya mwenye mnazi. Kilele kisiguswe, mnazi hufa.

Msikate tawi la mkorosho. Lina maua mwezi huu, na kila tawi ni kilo za mtu. Maua ya plastiki nayo sishauri: yanapauka, yanapeperuka, na wiki ya pili makaburi yamekuwa jalala.

10. Siku yenyewe. Kitaifa, usiku wa kuamkia Julai 25 mwenge wa kumbukumbu huwashwa, na kwenye gwaride huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua. Hayo ni ya dola. Kijijini inatosha hivi: dua ya kila dini kwa zamu, majina yasomwe, kimya cha dakika moja, kisha familia ziweke maua zenyewe au ziwaombe vijana waziwekee. Majina asome mwanajeshi mstaafu. Sauti ya aliyekuwa nao haifanani na ya mtangazaji. Anzeni na wale ambao hawana kaburi hapa.

Kama kuna wazee wasioweza kusimama, tafuteni viti na kivuli mapema. Picha zipigwe kwa ruhusa ya familia, na kwa walio jirani na kambi ya jeshi, kamera ielekee kwingine.

11. Baada ya siku. Siku ya tatu rudini mkaondoe maua yaliyonyauka. Daftari lipigwe nakala: moja kwa mtendaji, moja kwa wastaafu, moja msikitini au kanisani. Mimea ya kudumu, kama asumini au mrehani, isipandwe Julai, itakufa kwa kiu. Subirini mvua zishike, Desemba au Januari.

Mambo yakikwama

*Kaburi halijulikani lilipo.* Waiteni wazee wawili waonyeshe kila mmoja kwa wakati wake, wasisikilizane. Kwa makaburi ya Kiislamu, kumbukeni kwamba kibla kwetu kiko kaskazini, hivyo kaburi hulala kwa urefu mashariki na magharibi. Hilo husaidia kutofautisha tuta na kichuguu cha kawaida. Msichimbe kutafuta. Ikishindikana, wekeni kibao kimoja pembeni ya eneo chenye majina ya wote waliozikwa humo wasiojulikana mahali.

*Familia imegawanyika.* Upande mmoja unataka maua, mwingine hautaki. Fyekeni tu, mwondoke. Jina lisomwe kama ya wengine.

*Chokaa inabanduka.* Saruji haikulowekwa, au ilikuwa na vumbi, au mlipaka nzito. Kwangueni kwa kumbi, rudieni kwa tabaka jepesi.

*Mbuzi wamekula mashada.* Watayala kila mwaka. Maua yawekwe asubuhi ile ile, na mwenyekiti atangaze mbuzi wafungwe siku hiyo.

*Mmekuta chuma kinachofanana na risasi kubwa au bomu.* Inawezekana, hasa karibu na Ruvuma na maeneo ya vita ya kwanza ya dunia kama Mahiwa na Nyangao, walikopigana vikali Oktoba 1917. Msiguse, msisogeze. Wekeni alama mbali, ondoeni watoto, toeni taarifa polisi. Na mkikuta jiwe la kaburi la kijeshi la Waingereza, hayo yana tume yake ya Jumuiya ya Madola. Ng'oeni nyasi pembeni, jiwe lenyewe mliache.

*Watu wanakataa askari wa mkoloni aheshimiwe.* Swali hili huja zaidi Kilwa na Liwale, na lina uzito. Majimaji ilianzia vilima vya Wamatumbi 1905, Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro Agosti mwaka huo huo, na wengi wa waliofyatua bunduki upande wa Mjerumani walikuwa askari weusi. Kumwambia mjukuu wa aliyeuawa aweke ua kwa askari yule si haki. Msilazimishe. Fanyeni hivi: wapiganaji wa Majimaji wapewe ukurasa wao wa kwanza katika daftari, hata kama makaburi yao hayapo, na majina yao yasomwe kabla ya yote. Wapagazi waliokokotwa kubeba mizigo ya majeshi 1914 hadi 1918 wakafia njiani nao waombewe, maana hawakuchagua vita. Askari wa mkoloni ambaye ukoo wake unataka kaburi lisafishwe, ukoo wenyewe ushike fyekeo, ninyi mwasaidie maji na udongo.

*Mmejitokeza wachache kuliko mlivyotarajia.* Punguzeni makaburi, msipunguze kazi ya kila kaburi. Anzeni na yale ambayo hayana ndugu aliyebaki kijijini. Yaliyosalia yatiwe alama daftarini kwa mwakani, na familia zake ziambiwe siku hiyo hiyo, kwa kuwaendea nyumbani, kwamba ni zamu yao ya kwanza.